Mbwa Asiyebweka

Watoto, je, mmekwisha kumwona mbwa asiyebweka? Ukitoka Kalemie ukaenda kaskazini, mbali sana, utafika misitu ya Ituri na nchi ya Uele. Huko wawindaji wanaye mbwa mdogo. Masikio yake husimama, paji lake lina makunyanzi, na mkia wake umejikunja juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine. Akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu aimbaye.

Mbwa aliye kimya hupotea upesi msituni. Kwa hiyo mwindaji humfunga shingoni kengele ya mti. Watu hutandaza nyavu, wakangoja. Mbwa huingia vichakani, kengele hulia kwa kila hatua, nao wanyama hushtuka na kukimbilia nyavuni.

Wageni walimpenda mbwa huyu. Mwaka 1895 wawili walifikishwa Uingereza, lakini walishikwa na ugonjwa wa mbwa, wakafa. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alionyesha wengine kutoka Kongo katika maonyesho ya mbwa mjini London. Watu walisongamana kuwaona. Baadaye uzao wao ulienea Ulaya na Marekani. Lakini kwa kuwa walizaliana ndugu kwa ndugu, magonjwa ya kurithi yalizidi. Basi mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi Kongo kutafuta damu mpya.

Wageni wanamwita Basenji. Neno hili ni la Kilingala. Kwa Kiswahili ni «washenzi». Ndiyo kusema, mbwa wa washenzi! Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walichunguza asili ya mbwa wa aina 85. Watu walikuwa wakisema kwamba greyhound, mbwa wa mbio wa Ulaya, ametoka Misri ya kale. Uchunguzi haukumweka katika kundi la kale. Basenji wa Kongo ndiye aliyekuwamo.

Basi, wewe unayemtupia mawe mbwa wa kijijini, fikiri kwanza. Aliyeitwa mshenzi ni wa ukoo wa kale, na wageni walivuka bahari kumtafuta.

MASWALI
1. Kwa nini mbwa huyu hufungwa kengele?
2. Mbwa wa mwaka 1895 walipatwa na nini?
3. Kwa nini Wamarekani walirudi Kongo?
4. Je, jina «Basenji» linamfaa? Eleza.