Jua Haki Zako: Mnaponunua Injekta kwa Pamoja, Nani Anashika Pesa?

Wapenzi wa magari wa Kimuka wenye Subaru na Evo wanaijua hesabu hii vizuri. Seti moja ya injekta za mbio, zile za kumwaga cc 1,000 kwa dakika, ukiiagiza peke yako kutoka Marekani au Japani, nauli na kodi zinakumaliza. Mkiungana na wenzenu wa Kitengela mkaagiza seti nane kwa mkupuo mmoja, muuzaji anapunguza bei na nauli mnagawana. Basi mmoja wenu anajitolea kukusanya, anatoa namba yake ya M-Pesa, na pesa zinaanza kuingia.

Mpango huo ni mzuri, na sheria haiukatazi. Ila karibu kila kundi husahau kuuliza jambo moja ambalo haki zenu zote zinalitegemea: huyu anayepokea pesa ni wakala wenu au ni muuzaji?

Akisema, "Tumeni pesa niwaagizie kwa bei ya kule kule, sichukui kitu," huyo ni wakala. Pesa zilizo kwenye simu yake ni zenu. Ni lazima azitumie kwa kazi mliyomtuma, awape hesabu, na haruhusiwi kujipatia faida ya siri. Kama muuzaji wa nje amempa seti moja ya bure kwa sababu oda ni kubwa, anapaswa kuwaambia. Akizitumia pesa hizo kulipa karo au kodi ya nyumba, jambo hilo limevuka deni la kawaida. Kifungu cha 283 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu wizi wa wakala, pamoja na mtu aliyepewa pesa kwa maelekezo ya kuzitumia kwa kazi fulani, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hufika kituo cha polisi wakilalamika kwamba wametapeliwa, wakaambiwa hayo ni madai ya mahakamani tu. Kosa la kupata mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313, linataka uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo sasa. Ahadi ya "nitaleta mwezi ujao" iliyovunjwa haitoshi peke yake. Ukienda, nenda na ujumbe unaoonyesha ulimpa pesa kwa kazi gani hasa.

Lakini uwakala una upande wake mchungu. Wakala aliyefanya kazi kwa uangalifu hawajibiki kampuni ya ng'ambo ikileta mzigo mbovu. Dai lenu linabaki kwa kampuni ile, na kuifuata huko iliko ni safari ndefu.

Hali hubadilika akisema, "Seti ni shilingi 70,000, ukilipa unaletewa." Hapo amekuuzia, hata kama mnakunywa chai pamoja kila Jumamosi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Kama ni biashara yake, inataka pia iwe ya ubora unaofaa. Na ukimweleza gari lako na injini yako, ukategemea ujuzi wake, iwe inafaa kazi hiyo. Injekta za kuingizia mafuta ubavuni ukiletewa badala ya zile za kuyaingizia juu ulizoagiza, unaweza kuzikataa. Maneno yale ya kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hayafuti haki ulizopewa na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Sheria hiyo pia inakuruhusu kuvunja makubaliano na mfanyabiashara aliyepitisha siku 30 baada ya tarehe ya kuleta mzigo bila kuuleta, mradi hujaupokea.

Mzigo ukifika, usikimbilie kufunga. Peleka seti kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Injekta nne zinapangwa juu ya mirija ya kioo yenye alama, zinamwaga kwa muda uleule, kisha mnatazama kimiminika kimefika wapi katika kila mrija. Mmoja ukibaki chini ya wenzake, piga picha kabla ya kumwaga, na mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Silinda inayopata mafuta pungufu kwenye injini yenye turbo inaweza kuyeyusha pistoni. Kisheria pia kuna hatari: sheria inakupa nafasi ya kukagua, lakini ukishazifunga na kuzitumia unaweza kuhesabiwa umezikubali, ukabaki na dai la fidia tu bila haki ya kurudisha.

Kwa hiyo andikeni kabla ya pesa kutoka. Ukurasa mmoja unatosha: mtu huyu ni wakala au muuzaji, injekta za aina gani na namba zake za bidhaa, tarehe ya mwisho, pesa zinarudi lini mtu akijitoa au kundi lisipotimia. Andikeni pia nani anabeba ongezeko dola ikipanda, na nani analipa gharama za bandarini au uwanja wa ndege: ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na ile ya maendeleo ya reli. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Mkusanyaji mwaminifu naye ukurasa huo unamlinda, kwa hiyo anayekasirika akiombwa kuuandika usimtumie pesa.

Mambo yakiharibika, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa na ya pesa zilizoshikwa kwa niaba yako. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kila mwanakundi anaweza kudai fungu lake mwenyewe. Anza na barua ya madai yenye tarehe, toa taarifa yako ya M-Pesa kupitia *334#, hifadhi ujumbe wote bila kufuta hata ule unaokuudhi, kisha ulizia kwenye Mahakama ya Ngong au ya Kajiado dai lako lisajiliwe wapi.

Dai la mkataba hufa baada ya miaka 6. Usisubiri hata miezi 6, maana pesa za watu wanane zikishatawanyika, hukumu peke yake hairudishi shilingi.