Maji ya Radiatere Yanasema Nini?

Juzi nyuma ya soko kijana mmoja alifungua radiatere ingali moto. Maji yakamrukia, mkono wote ukaungua. Mule ndani maji yamefungwa kwa nguvu, yanapita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanachemka mara moja.

Basi ngoja motere ipoe kabisa, kisha tazama rangi. Nyekundu kama udongo wetu? Ni kutu: watu wanatia maji ya mto tu, bila dawa yake. Radiatere ioshwe.

Lakini ukiona rangi ya kahawa yenye maziwa, hapana kuwasha tena! Mafuta ya motere yameingia, mara nyingi kwa sababu ile karatasi chini ya kichwa cha motere imeungua. Vuta na fimbo ya mafuta: ikiwa na povu jeupe, maji nayo yamefika kule.