Picha na Kumbukumbu za Wazee

Demenshia ni hali ya akili kudhoofika kutokana na maradhi ya ubongo. Si laana, si kurogwa, wala si uzee mtupu, kwani wazee wengi hufikia umri mkubwa bila kuipata. Aina yake iliyoenea zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, uitwao hivyo kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Hapa Tanzania, uchunguzi wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wapatao 6 walikuwa na demenshia.

Kwa nini ya kale hubaki?

Katika ugonjwa wa Alzheimer, hipokampasi ni miongoni mwa sehemu za ubongo zinazoharibika mapema. Sehemu hiyo ndiyo isaidiayo kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kwa hiyo bibi aweza kusahau kwamba amekwisha kunywa chai, lakini akasimulia vizuri harusi yake ya miaka 50 iliyopita. Mwanachuoni Mfaransa, Théodule Ribot, alieleza mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za karibuni hupotea kabla ya zile za zamani. Tena, kutambua kitu kilichoko mbele ya macho ni rahisi kuliko kukikumbuka bila kidokezo. Picha ni kidokezo cha namna hiyo.

Namna ya kutumia picha

Chagua picha chache za ujana wa mzee. Keti naye mahali patulivu penye mwanga wa kutosha, umwonyeshe moja moja. Usimwulize, "Huyu ni nani?" Swali hilo ni mtihani, na akishindwa hufedheheka. Afadhali useme, "Bibi, nguo hii inapendeza! Siku hizo sherehe zilikuwaje?" Akikosea jina au mwaka, usimsahihishe, kwa maana shabaha ni mazungumzo, si usahihi wa tarehe. Picha ikimhuzunisha, iweke kando, umsikilize. Vilevile, mzee anayeweza kushika kamera apewe, apige picha ya kile akipendacho. Hapo hujulikana kuwa angali na mapenzi na uchaguzi wake.

Mipaka yake

Picha haziponyi. Mapitio ya tafiti 22, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa mazungumzo ya kukumbuka ya kale yaweza kuleta manufaa, lakini ni madogo na hutofautiana. Basi mzee aanzapo kusahau kupita kiasi, apelekwe hospitali. Baadhi ya visababishi vya kusahau, kama upungufu wa vitamini B12, hutibika.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kutambua na kukumbuka.
2. Kwa nini haifai kumsahihisha mzee anapokosea mwaka?
3. Tunga maswali matatu ya kumwuliza mzee kuhusu picha, yasiyo mtihani kwake.