Ujuzi wa Mmoja ni Faida ya Wote

Katika vilima vya Nyacheki, huko Bobasi katika Kisii, chai ya majirani wengi huishia mahali pamoja. Kila mkulima hupeleka majani yake kituoni. Hupimwa kwa mizani, kisha hupakiwa katika lori moja na kupelekwa kiwandani. Kwa hiyo mtu ajuaye kuchuma vyema, naye akamwacha mwenzake akosee, hujidhuru mwenyewe. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: majani mabaya hupunguza bei ya chai katika mnada wa Mombasa, na bonasi ya wakulima wote hupungua pia.

Yako mambo matatu ambayo fundi hana budi kumwonyesha mgeni wa kazi. Kwanza, achume majani mawili na chipukizi. Majani yaliyokomaa hayafai. Pili, asiyashindilie kikapuni, kwa maana yakibanwa hupata joto na kugeuka mekundu kabla ya kufika kiwandani. Tatu, ayaweke kivulini wakati wa kungojea lori.

Yafaa mafunzo hayo yatolewe kwa vitendo, wala si kwa maneno matupu. Fundi achume kwanza huku mgeni akitazama. Kisha mgeni achume, naye fundi atazame. Majani yamwagwe juu ya gunia safi, yachambuliwe pamoja, na sababu ya kila kosa ielezwe. Mwanafunzi asiaibishwe mbele ya watu, kwani aliyeaibishwa huficha makosa yake.

Njia ya kujifunza kwa pamoja imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1989, huko Indonesia, wakulima wa mpunga walianzishiwa shule za shambani, ambamo walikutana mara kwa mara, wakalinganisha vipande viwili vya shamba na kujadiliana juu ya waliyoyaona. Katika miaka ya 1990 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilileta shule hizo Kenya, na mwaka 2006 zikaanza kujaribiwa miongoni mwa wakulima wadogo wa chai.

Kwa Wakisii jambo hilo si geni. Tangu zamani majirani walilimiana kwa zamu katika egesangio, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Waliogawana jasho hawashindwi kugawana ujuzi. Amfundishaye mwenzake hapungukiwi na kitu. Lori likiondoka na majani mema, faida humrudia yeye pia.