Namba 39 na Watoto Waliokosa Maksi

Kompyuta haijui herufi. Inachojua ni namba, na kila herufi imepewa yake. Mpango wa ASCII ulitoka Marekani mwaka 1963, una nafasi 128 tu. Unicode ya mwaka 1991 ikaanza na nafasi hizohizo, kisha ikaongeza maandishi ya mataifa mengine.

Sisi wa ualimu tunaona haya ni mambo ya watu wa IT. Siyo kweli. Fungua Python, andika:

kodi = [66, 111, 107, 111]
neno = ""
for k in kodi:
    neno = neno + chr(k)
print(neno)

Itakuandikia Boko, hapa ninapokaa. Kazi yote iko kwenye chr: unaipa namba, inakurudishia herufi. Kisha tunaziunga moja baada ya nyingine mpaka neno likamilike.

Wengi hukwama kwa kuandika str(66) wakisubiri B. Wanapata "66", yaani tarakimu zilezile zimegeuzwa maandishi. Ni kama kuuliza mchezaji wa jezi namba kumi ni nani, ukajibiwa "ni kumi".

Njia ya mkato ni hii:

neno = "".join(chr(k) for k in kodi)

Ukitaka kurudi kutoka herufi kwenda namba, tumia ord. Kwa mfano, ord("B") ni 66.

Sasa faida yake. Shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, orodha ya majina ilichapwa kwenye Word, maksi zikawekwa kwenye Excel. Zilipounganishwa, watoto wenye ng' kwenye majina yao wakatoka bila maksi. Na majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w si machache! Kwa macho, majina yalikuwa yaleyale. Nikaiuliza Python namba ya ile alama. Ya Excel ilikuwa 39, ya Word 8217. Kumbe Word huipinda alama yenyewe, bila kukuuliza. Kwako ni mtoto mmoja, kwa kompyuta ni watoto wawili, na mmoja wao hakufanya mtihani.

Dawa ni mstari mmoja:

jina = jina.replace(chr(8217), chr(39))

Hapa namba inasaidia kuliko kuchapa alama yenyewe, maana alama mbili zinaweza kufanana machoni, lakini 39 haiwezi kuwa 8217.

Kuna waliosema tuifute tu hiyo alama kwenye majina yote, yaishe. Hapana. Ng' ni sauti ya lugha zetu, si pambo. Jina la mtoto halikatwi ili kompyuta ipate nafuu. Mwalimu ndiye ajifunze mstari mmoja wa Python.

Zoezi: iambie Python ikusomee 110, 103, 39, 111, 109, 98, 101. Ukipata mnyama mwenye pembe, umeelewa somo.