Kompyuta Isipowaka: Anza Ukutani Kabla ya Kumwita Fundi

Asubuhi ya siku ya kazi, katika ofisi ya mtendaji wa kata mojawapo ya halmashauri yetu, wananchi tisa walikuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri barua za utambulisho. Miongoni mwao alikuwamo mama aliyetoka kitongoji cha mbali, ambaye alihitaji barua yake kabla ya saa sita mchana ili mwanawe awahi kukamilisha maombi ya mkopo wa masomo. Karani alibonyeza kitufe cha kompyuta, haikuwaka. Akabonyeza tena; kimya. Fundi aliyeitwa kutoka mtaani aliitazama kwa dakika chache, kisha akatoa hukumu kwamba mazabodi imeungua na kwamba hapana budi kununua mashine nyingine. Baada ya kusubiri kwa saa nyingi, barua ziliandikwa kwa mkono. Mama yule aliipata ya kwake alasiri.

Siku ya pili yake alifika ofisa TEHAMA. Hakufungua chochote. Alichomoa waya wa umeme wa monita, akauchomeka kwenye kasha la kompyuta, akabonyeza kitufe. Feni ikaanza kuzunguka. Mazabodi ilikuwa nzima. Kilichokufa ni waya.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo siku hiyo ya pili, na ndiyo sababu ya somo la toleo hili. Kompyuta za mezani zimo katika ofisi zetu za kata, shuleni, katika zahanati na katika maduka ya kuchapa na kudurufu yanayowalisha vijana wengi. Inapogoma moja, shughuli za watu wengi husimama. Hatua zifuatazo zinahitaji utulivu na utaratibu kuliko zinavyohitaji utaalamu.

Kwanza, tambua ni kutowaka kwa namna gani

Neno "haiwaki" hubeba hali tatu tofauti, na kila moja ina chanzo chake. Hali ya kwanza ni ukimya kamili: hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Hapa shaka yetu ielekee kwenye njia ya umeme. Hali ya pili ni feni kuzunguka na taa kuwaka, ilhali kioo ni cheusi. Hapa mashine imepata umeme, na tatizo liko kwenye monita, nyaya zake, au kumbukumbu ya muda, yaani RAM. Hali ya tatu ni mashine kuwaka kisha kuzima baada ya sekunde au dakika chache. Hapa tushuku joto, vumbi, au kifaa chenye hitilafu. Anayempigia fundi simu na kumweleza hali mojawapo kati ya hizi amekwisha kumpunguzia nusu ya kazi.

Ikiwa kuna ukimya kamili

Fuata njia ya umeme kama mtu afuatavyo bomba la maji kutoka kwenye tangi hadi kwenye bilauri.

1. Soketi. Chomeka chaja ya simu au taa katika soketi ileile inayotumiwa na kompyuta. Isipofanya kazi, tazama swichi ya ukutani, mita ya LUKU na swichi kuu ya jengo kabla ya kuilaumu mashine.

2. Ekstensheni na UPS. Viondoe vyote viwili njiani, kisha chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. UPS ina kitufe chake, na mara nyingi huzimwa na mtu anayefagia bila yeye kujua. Aidha, betri yake huchoka baada ya miaka michache, na baadhi ya UPS zenye betri iliyokufa hukataa kupitisha umeme hata ule wa ukutani ukiwapo.

3. Waya. Usukume kwa nguvu ya wastani upande wa nyuma wa kasha, kwani huweza kulegea bila kuonekana. Waya wa monita nyingi ni wa aina ileile na wa kasha. Badilishana kama alivyofanya ofisa wetu. Tazama pia fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya pini tatu. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye kipimo kilekile kilichoandikwa. Kamwe usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi, kwa maana kazi ya fyuzi ni kuungua ili nyumba isiungue.

4. Swichi ya nyuma. Kasha nyingi zina swichi ndogo kando ya mahali waya unapoingia, yenye alama za I na O. Upande wa I ndio uliowashwa. Mashine nyingine za zamani zina swichi ya pili, mara nyingi nyekundu, yenye tarakimu 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi hiyo ikikaa kwenye 115, pawa saplai itaungua mara tu umeme utakapoingia. Ikaguliwe waya ukiwa umechomolewa.

5. Kutoa umeme uliobaki. Chomoa waya, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha waya na ujaribu tena. Pawa saplai ina kinga inayojifunga umeme unapopanda au kushuka ghafla, na hubaki imejifunga mpaka chaji iliyomo iishe. Baada ya usiku wa radi au umeme wa kukatikakatika, hatua hii pekee hufufua mashine nyingi.

Ikiwa feni inazunguka na kioo ni cheusi

Hakikisha taa ya monita inawaka na waya wa picha umekazwa pande zote mbili. Kama kasha lina matundu mawili au zaidi ya waya wa picha, jaribu tundu jingine. Kisha sikiliza: mashine nyingi hutoa milio mifupi au mirefu zinapokwama. Hesabu milio hiyo na uiandike, kwani kwa fundi hiyo ni lugha inayotaja kifaa kinacholalamika.

Chanzo kinachojirudia ni RAM iliyolegea, hasa kompyuta inapohamishwa ofisi au kusafirishwa katika barabara mbovu. Ikiwa kompyuta ni yako mwenyewe na una uthubutu, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe kama ilivyoelezwa, fungua ubavu wa kasha kwa bisibisi, kisha gusa chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usidhuru vifaa. Fungua vibanio vya pembeni, toa RAM, ifute kwa kitambaa laini kikavu, uirudishe na kuikandamiza mpaka vibanio vijifunge vyenyewe. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Ikiwa inawaka kisha inazima

Chomoa flashi, printa na kila kifaa kisichokuwa kibodi, kipanya na monita, kisha washa upya. Kifaa kimoja kibovu huweza kuizuia mashine nzima. Ikiendelea kuzima, tazama matundu ya hewa. Vumbi la kiangazi huziba feni, joto hupanda, na mashine hujizima ili kujiokoa. Kuisafisha kwa brashi laini kila baada ya miezi mitatu, ikiwa imechomolewa, huongeza umri wake.

Mahali pa kusimama

Kuna mipaka ambayo msomaji asiivuke. Ukinusa harufu ya kuungua, ukiona moshi au cheche, chomoa waya na usijaribu tena. Usifungue kamwe boksi la chuma la pawa saplai. Ndani yake mna kapasita zinazotunza chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Na umeme ukikatika, chomoa kompyuta. Ukirudi, ngoja dakika kadhaa hadi utulie.

Kumbukumbu zako hazijapotea

Hofu kubwa ya wengi ni kwamba mashine ikifa, nyaraka nazo zimekufa. Mara nyingi sivyo. Nyaraka hukaa kwenye diski, ambayo ni kifaa kinachojitegemea. Pawa saplai au mazabodi ikiharibika, diski huweza kutolewa na kusomwa katika kompyuta nyingine. Kwa hiyo, mwambie fundi wazi kwamba hakuna ruhusa ya kufuta diski. Kabla ya kumkabidhi, andika namba ya utambulisho wa mashine na orodha ya vilivyomo, upewe stakabadhi, na ukibadilishiwa kifaa udai kile cha zamani.

Kwa kompyuta za umma, utaratibu ni mkali zaidi. Diski ya ofisi ya kata au zahanati ina majina, namba za simu na habari za familia zetu, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mashine hiyo haipelekwi kwa fundi wa mtaani, wala mtumishi haifungui mwenyewe. Akishamaliza hatua za nje zilizoelezwa hapa, amjulishe mtendaji wa kata, naye atatoa taarifa kwa Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri. Mwananchi aliyeko kwenye benchi naye anayo haki ya kuuliza, kwa adabu, kama soketi na waya vimekwisha kukaguliwa, na kuomba barua yake iandikwe kwa mkono mapema badala ya kungojea mashine.

Tunashauri ukurasa huu ukatwe na kubandikwa ukutani karibu na kompyuta. Katika ofisi iliyotajwa mwanzoni, waya wa akiba sasa umo katika droo ya karani, umefungwa karatasi yenye maneno mawili: "Jaribu huu."