Kijana Mweusi Nyumbani kwa Mlezi

Nchini Marekani, watoto Weusi ni takriban asilimia 14 ya watoto wote, lakini miongoni mwa walio katika malezi ya kambo wanazidi asilimia 20. Mtaalamu wetu wa ustawi wa jamii anajibu maswali ya walezi.

Kwa nini wao ni wengi hivyo?

Lango kubwa ni umaskini. Kesi nyingi hazihusu kipigo, zinahusu kile kinachoitwa kutelekeza: umeme umekatwa, au mama yuko zamu ya usiku na watoto wamebaki peke yao. Profesa Dorothy Roberts ameandika kwa miaka mingi jinsi jicho la serikali linavyokaa zaidi kwenye mitaa ya Weusi. Kisha kuna sheria ya mwaka 1997: mtoto akikaa malezini miezi 15 kati ya 22, serikali hutakiwa kufungua kesi ya kumvua mzazi haki zake, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mama anayesubiri nyumba ya bei nafuu anaweza kuikuta miezi hiyo imekwisha.

Je, ninaweza kudai mtoto Mweusi apewe mlezi Mweusi?

Mwaka 1972 chama cha maafisa ustawi Weusi kilipinga vikali watoto Weusi kulelewa na Wazungu. Sheria za 1994 na 1996 zikapiga marufuku kumcheleweshea au kumnyima mtoto makao kwa sababu ya rangi. Lakini sheria hizo hizo zinazitaka mamlaka zitafute kwa bidii walezi wanaofanana na watoto wenyewe, na nusu hiyo, kwa maoni yangu, imelala usingizi mzito.

Kwa hiyo dai ndugu. Tangu 2008, mamlaka zinapaswa kuwatafuta na kuwaarifu ndugu wazima ndani ya siku 30 baada ya mtoto kuondolewa kwao. Uliza nani ametafutwa. Upande wa baba husahaulika mno! Shangazi aliyeko jimbo jingine, bibi mzaa baba, hata mama wa ubatizo, wote waulizwe.

Nywele za binti niliyempokea zinanishinda. Nimpeleke akanyolewe?

Hapana. Zichambue zikiwa na maji na mafuta ya kulainisha, kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia nchani kuelekea shinani. Usiku afunge skafu ya satini. Mtafute msusi mzuri, na gharama zake uziombe ofisini. Huko California, haki za watoto walio malezini zinataja vifaa vya usafi na urembo vinavyoheshimu utamaduni wao.

Kabla ya yote, muulize mama yake mzazi. Siku ya kuonana naye, mwachie yeye amsuke. Kwa saa mbili atakuwa mama tena, si mshtakiwa anayeangaliwa na afisa mwenye daftari.

Mimi ni Mkongomani, naishi Michigan. Nikimpokea kijana Mweusi wa hapa, si tutaelewana tu?

Rangi mnayo moja, mila hapana. Yeye ana kanisa lake, chakula chake, utani wake, na mafunzo aliyopewa na wazee wake ya namna ya kusimama mbele ya polisi. Kwenu, mtoto kumkazia macho mkubwa ni ufidhuli. Yeye huenda amefundishwa kwamba anayekwepa macho anaficha jambo. Kiboko weka kando kabisa: mlezi wa kambo haruhusiwi kumchapa mtoto. Na akinuna siku nzima, usiharakishe kumwita mkaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown wa 2017 ulionyesha kuwa watu wazima huwaona wasichana Weusi kuwa wakubwa kuliko umri wao, na wasiohitaji sana kulelewa. Huzuni yao huadhibiwa kama jeuri.

Wangu ana miaka 17. Nimechelewa?

La. Majimbo mengi humruhusu kubaki hadi 21, ila masharti hutofautiana. Akiondoka anapaswa kupewa cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, kitambulisho na rekodi za matibabu. Anza kuzidai sasa, maana ofisi hazina haraka. Ongeza picha za utotoni na orodha ya simu za ndugu zake. Kisha azijaribu zote akiwa bado kwako, mjue zipi zinapokelewa.